Kuunda modeli ya LCVP: kuanzia boksi hadi kabati la vioo

Kama una nafasi ya modeli moja tu ya vyombo vya kutua ufukweni vya Vita Kuu ya Pili, chukua LCVP. Ni boti ya mbao nyembamba zilizogandamizwa iliyotoka kwenye karakana za Andrew Higgins mjini New Orleans. Zaidi ya 20,000 ziliundwa, na hata asiyejua lolote kuhusu vita akiiona atakuambia ameshaiona mahali: sanduku refu lisilo na paa, mlango mbele unaoangukia majini, askari wakitoka mbio. Mengi nitakayoeleza hapa yanafaa pia kwa LCM (ya kubeba kifaru), LCA (ya Waingereza) na vyombo vingine vya aina hiyo. Pale yanapotofautiana nitasema.

Jambo moja la historia, kwa sababu linawahusu wapenda modeli moja kwa moja. Boti za kwanza za Higgins hazikuwa na mlango wa mbele. Askari waliruka ubavuni. Mwaka 1937 luteni Victor Krulak wa kikosi cha wanamaji (Marines) cha Marekani aliwaona Wajapani wakishusha askari karibu na Shanghai kwa boti zenye mlango wa kuangusha kwenye omo, yaani mbele ya boti. Akapiga picha, akaandika ripoti, ripoti ikawekwa kwenye faili na kusahauliwa. Aliporudi Marekani alichonga modeli ya mti mwepesi wa balsa, akaipeleka kwa wakubwa wake. Mwaka 1941 Higgins akatakiwa atie mlango huo kwenye boti zake. Kwa hiyo akikuuliza mtu modeli zina faida gani, jibu unalo.

Chagua siku kwanza, boksi baadaye

Wengi hununua kwanza, kisha wakaanza kutafuta boti yao ilikuwa wapi. Geuza mpangilio. Rangi, namba, askari na maji, vyote vinategemea ufukwe na tarehe.

Chukua Normandy, 6 Juni 1944. Kwenye fukwe za Omaha na Utah mawimbi ya kwanza ya askari yalipangwa kutua saa kumi na mbili na nusu asubuhi, maji yakiwa yamekupwa. Ufukwe unakuwa mpana, mchanga umelowa na vizuizi vya Wajerumani viko wazi. Kuna picha maarufu aliyoipiga Robert F. Sargent wa Walinzi wa Pwani wa Marekani asubuhi hiyo, akiwa ndani ya LCVP ya meli USS Samuel Chase. Itafute uichapishe kwa ukubwa. Utaona mlango ulivyolala, kuta za ndani, migongo ya askari wanaoingia maji ya kiuno. Picha hiyo moja itakufaa kuliko kurasa nyingi za maelekezo ya ndani ya boksi.

Sasa chukua Tarawa, kwenye Bahari ya Pasifiki, 20 Novemba 1943. Siku hiyo kisiwa cha Betio kilikuwa na maji mafu, na juu ya mwamba hapakuwa na kina cha kutosha. LCVP iliyopakia huhitaji karibu mita moja ya maji upande wa tezi, yaani nyuma. Zikakwama mwambani, na askari wakatembea mamia ya mita majini huku wakipigwa risasi. Waliofika mchangani mapema walibebwa na LVT, magari yenye minyororo yaliyoweza kupanda mwamba. Ukiweka LCVP na mlango wazi juu ya mchanga wa Betio, ukaandika tarehe hiyo kwenye kibao, mtu aliyekulia Lamu au Pemba hatahitaji kitabu kukuuliza boti ilipitaje.

Ukitaka jambo la karibu na kwetu, kuna Madagaska. Alfajiri ya 5 Mei 1942 Waingereza walitua kwenye ghuba za magharibi ya Diego Suarez wakitumia, pamoja na vyombo vingine, boti za LCA. Baadaye Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki, yenye vikosi vya King's African Rifles kutoka Kenya, Tanganyika na Nyasaland, iliingia kwenye kampeni hiyo. Ndiyo iliyosonga kutoka Majunga hadi Tananarive mnamo Septemba. LCA ni chombo tofauti kabisa: ina urefu wa mita 12.65, imekaa chini majini, ina mabamba ya chuma ubavuni, na askari huketi kwenye mabenchi matatu badala ya kusimama. Mlango wake ni mwembamba. Seti zake ni chache kuliko za LCVP, na nyingine ni za resini au za kuchapishwa kwa printa ya 3D, kwa hiyo sikushauri uanze nayo.

Skeli

LCVP halisi ina urefu wa mita 11.05 na upana wa mita 3.3. Gawanya mwenyewe: kwa skeli ya 1/35 inatoka sentimita 31.6 kwa 9.4, kwa 1/72 ni sentimita 15.3 kwa 4.6, kwa 1/350 inabaki sentimita tatu na kidogo, ya kuning'inizwa kwenye ubavu wa modeli ya meli kubwa.

Mimi napendelea 1/35. Boti hii ni tumbo wazi, na uzuri wake uko ndani: mbao za sakafu, kuta, bawaba za mlango, askari mmoja mmoja. Kwa 1/72 hayo yote yapo lakini utayatazama kwa kukunja macho. Ukiwa na nia ya kuonyesha boti kadhaa zikielekea ufukweni pamoja, hapo 1/72 ndiyo yenyewe.

Angalia jambo moja. Airfix ilianza magari yake ya kivita kwa 1/76, na seti za zamani bado zinauzwa na kuuzwa tena. Askari wa mita 1.75 anakuwa milimita 24 kwa 1/72 na milimita 23 kwa 1/76. Mmoja hutagundua, lakini ukiwachanganya thelathini ndani ya boti moja wataonekana kama wametoka shule mbili tofauti.

Kununua

Kwa 1/35 seti ya LCVP ya Italeri ndiyo utakayoikuta mara nyingi. Trumpeter na Italeri wana LCM(3), ile ya chuma yenye urefu wa mita 15.24 iliyobeba kifaru kimoja. Kwa 1/35 inafika sentimita 43, pima kabati kwanza. Revell wana LSM kwa 1/144 kwa anayetaka meli badala ya boti. Soma boksi kwa makini: baadhi ya matoleo ya LCVP yana askari, mengine hayana, na picha ya juu ya boksi haina uaminifu kwenye suala hilo.

Modeli zilizokwisha kupakwa rangi, za chuma au plastiki, zipo pia. Ni nzuri kwa asiye na muda. Ukinunua iliyotumika, omba picha za karibu za bawaba za mlango, mlingoti wa bendera na bunduki, kwa sababu hivyo ndivyo huvunjika. Kwenye modeli za zamani za zinki tazama nyufa ndogo na sehemu zilizovimba. Huo ni ugonjwa wa chuma chenyewe, unaotokana na uchafu kwenye mchanganyiko. Hauna tiba, na gundi haisaidii.

Anayekusanya kwa kutarajia bei ipande asisahau kwamba kampuni hizi hutoa upya kalibu zilezile, wakati mwingine ndani ya boksi la kampuni nyingine. Seti iliyoitwa adimu mwaka jana yaweza kurudi dukani mwaka huu kwa bei ya kawaida. Nunua unayoitaka kuiunda.

Kuhusu kuagiza kutoka nje: agiza plastiki peke yake. Gundi za kuyeyusha na makopo ya rangi ya kupuliza ni bidhaa za hatari kwa usafiri wa ndege, zitazuiwa au zitachelewesha mzigo mzima. Kwenye fomu ya forodha mwambie muuzaji aandike wazi kuwa ni modeli ya plastiki ya kuunganisha. Maneno kama "chombo cha kijeshi" yakisimama peke yake yatakuitisha kaunta kujieleza.

Stika za maji kwenye seti za zamani hugeuka njano. Zibandike kwenye kioo cha dirisha, ndani ya mfuko wa plastiki, zipigwe jua siku kadhaa. Unjano hupungua sana. Kabla ya kuzitumia zipake vanishi nyembamba zisipasuke majini.

Vifaa

Koleo dogo la kukatia, kisu chenye wembe wa kubadilisha, msasa wa 400, 600 na 1000, kibanio, mpira wa kufungia noti, tepu ya karatasi ya mafundi rangi, mswaki wa zamani. Gundi mbili: ile nyembamba ya modeli inayoyeyusha plastiki na kuziunganisha, na supaglu kwa chuma na resini. Usijaribu gundi ya mabomba ya PVC. Inashika kweli, ila inayeyusha plastiki laini ya modeli kupita kiasi. Pati ya mafundi wa magari inafaa ukiipaka kidogo kidogo.

Kuunganisha: ndani kwanza

Osha fremu zote zinazoshika vipande kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kwa sababu plastiki hutoka kiwandani ikiwa na mafuta ya kalibu na rangi haishiki juu yake.

Kisha tazama kuta za ndani. Utakuta alama za duara zilizoachwa na pini zinazosukuma plastiki itoke kwenye kalibu. Kwenye ndege alama hizi hujificha. Kwenye LCVP ziko mbele ya macho ya kila mtazamaji, ubavuni, toka omo hadi kwenye usukani. Zipige pati, subiri ikauke kabisa, piga msasa kwa kidole kilichozungushiwa kipande kidogo, kisha pitisha kucha. Kucha ikikwama, rudia. Kazi hii inachosha, lakini ukiiacha hakuna rangi itakayoificha.

Unapounganisha mwili jihadhari na kitu kimoja ambacho maelekezo hayasemi. Boti hii haina sitaha ya juu ya kushikilia kuta zake mbili, kwa hiyo huwa zinaelekea ndani au nje gundi inapokauka, na mlango wa mbele unakataa kuingia. Kata vipande vitatu vya kadibodi ngumu vyenye upana sawasawa na sakafu, visimamishe ndani ya boti kama mbavu, funga mpira kwa nje, acha usiku kucha. Jaribu mlango kabla hujagundisha bawaba: lazima ufunge hadi mwisho bila kulazimisha, hata kama umeamua kuuonyesha ukiwa wazi.

Usukani uko kushoto, nyuma ya nafasi ya askari. Injini iko katikati chini ya kifuniko chake. Kwenye tezi kuna mashimo mawili ya duara ya wapiga bunduki, kila moja na Browning ya inchi .30. Mabaharia ni wanne. Chini kuna propela moja iliyojificha ndani ya mkondo uliochongwa kwenye tezi, mpango wa Higgins wa kuizuia isipigwe na magogo kwenye vinamasi vya Louisiana, alikouzia boti zake za kwanza. Ukiweka boti yako majini propela haitaonekana, lakini ukiiweka kwenye stendi sehemu hii ichonge vizuri. Ndiyo inayotofautisha boti hii na sanduku.

Nyaya za mlango za plastiki zilizomo kwenye boksi huwa nene mno. Zitupe. Tumia waya mmojammoja wa shaba kutoka kwenye chaja mbovu ya simu. Mlango ukiwa umesimama nyaya zimekazwa. Ukiwa umelala zinalegea na kushuka kwa uzito wake. Modeli nyingi zimeharibiwa na mlango uliolala huku nyaya zimenyooka kama rula.

Rangi

Anza na praima ya kijivu, nyembamba. Paka ndani kwanza, funika kwa tepu, ndipo uhamie nje.

Kwa Normandy rangi salama ni kijivu, ndani na nje. Usidanganywe na mbao: boti hizi zilipakwa rangi kote, sakafu pia, hazikuachwa na mti mtupu kama ngalawa. Kwa Pasifiki utakuta picha za boti zenye mabaka ya kijani. Hapo fuata picha ya boti unayoiunda, si ya jirani yake. Rangi za akriliki za wasanii zinatosha. Changanya nyeupe na nyeusi, ongeza tone la buluu, jaribu juu ya kipande cha fremu na ukitazame nje, kwenye jua. Kwa 1/72 ongeza nyeupe kidogo, kwani kitu kidogo kikipakwa rangi ileile huonekana cheusi zaidi.

Namba si pambo. Boti nyingi za meli za kubeba askari ziliandikwa PA, namba ya meli mama, kisha namba ya boti. USS Samuel Chase ilikuwa APA-26, hivyo boti zake zilianza na PA 26. Ukibandika stika kwa kuangalia uzuri tu, unaweza kuipeleka boti ya Omaha kwenye bahari nyingine kabisa.

Kuchakaza

Hapa ndipo ninapogombana na wenzangu. Fungua mtandao utaona LCVP zilizojaa kutu toka omo hadi tezi. Mwili wa LCVP ni mbao! Mbao hazipati kutu. Kutu iweke kwenye mlango, ambao ni wa chuma, kwenye mabamba ya chuma ya ubavuni, bawaba na vishikio vya kamba, basi. Kwenye mbao onyesha rangi iliyochubuka, kingo zilizosuguliwa na buti, na hapa na pale mti wenyewe ukitokeza. LCM(3) ni ya chuma, hiyo ipige kutu utakavyo.

Mwani na konokono wa baharini chini ya boti vilevile hapana. LCVP ilisafiri ikiwa imening'inizwa kwenye meli mama na kushushwa kwa kazi. Haikukaa majini miezi.

Kinachopendeza ni unyevu. Paka vanishi isiyong'aa boti nzima, kisha kwa brashi ndogo rudisha vanishi inayong'aa kwenye sakafu, kwenye uso wa ndani wa mlango na kwenye mstari wa nje unaoguswa na maji. Weka na mchanga kidogo uliolowa palipo na nyayo. Kwa njia hiyo tu boti itaonekana imetoka kufika.

Askari na maji

LCVP ilichukua askari 36. Seti hazikupi wengi hivyo, na ukipanga kumi ndani wataonekana wamepotea. Njia rahisi ni kuonyesha boti baada ya wengi kutoka: wachache mlangoni, wengine tayari majini, mizigo iliyosahaulika ubavuni. Kwa Normandy bunduki nyingi zilifungwa ndani ya mifuko myepesi ya plastiki kuzuia maji. Kipande cha plastiki nyembamba ya kufungia chakula, kikipakwa gundi nyeupe iliyochanganywa na maji, kinaiga vizuri sana.

Mchanga uchekeche. Punje ya nusu milimita, kwa 1/35, ni sawa na kokoto ya milimita 17 na nusu. Chujio la chai halitoshi, tumia kitambaa cha soksi za nailoni. Uoshe kwa maji yasiyo na chumvi mara kadhaa kutoa chumvi, la sivyo itatoka baadaye kama unga mweupe juu ya rangi. Mchanga wetu mweupe wa matumbawe unafaa Pasifiki; kwa Omaha ongeza rangi ya kahawia na njano.

Maji yatengeneze kwa epoksi ya mafundi meza. Mimina tabaka la milimita tatu au nne, acha ligande, ndipo umimine jingine. Ukimimina yote kwa mara moja itapata joto na kupinda plastiki ya boti. Mawimbi yachonge juu kwa jeli ya akriliki, na povu kwa rangi nyeupe ya brashi kavu, ukiikoleza pale omo inapokata maji. Fanya kazi hii kwenye chumba chenye hewa na uvae glavu, epoksi huwasha ngozi.

Kuhifadhi

Adui ni jua, vumbi na, kwa wa pwani, unyevu wenye chumvi. Fundi wa aluminiamu anaweza kukutengenezea boksi la vioo kwa bei nzuri kuliko la kuagiza. Kwa LCVP ya 1/35 bila maji mwambie sentimita 40 kwa 18 kwa 16. Ukiwa na ufukwe mbele, urefu uwe 55. Sakafu iwe ya mbao iliyopakwa vanishi pande zote mbili isipinde. Tia vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya boksi za viatu, uvibadilishe kila masika yanapoisha. Maelekezo, stika zilizobaki na boksi lenyewe vihifadhi. Mnunuzi wa baadaye ataviuliza kabla ya kuuliza bei.

Ukihama nyumba usiizungushie modeli gazeti wala pamba, vyote hunasa nyaya za mlango. Itoboe sakafu ya mbao matundu mawili, pitisha skrubu hadi kwenye mkuku ulioujaza epoksi mapema, kaza, kisha funga boksi zima ndani ya kadibodi kubwa zaidi lenye blanketi pande zote.